SOMO: Kusoma kitabu kimoja kazini bila kikundi kufia njiani

Wakuu, salaam. Kila nikiingia humu nakuta ujumbe wa faragha unauliza jambo lilelile: "Mnafanyaje huko ghalani mpaka wafanyakazi wanasoma kitabu kimoja na bado wanapendana?" Naandika mara moja. Atakayeuliza tena namrudisha hapa.

Sisi tupo kwenye ghala la korosho hapa Mtwara. Kuna makarani wa mizani, wapima unyevu, wahasibu, wapakiaji, madereva na walinzi. Msimu ukipamba moto tunashinda pamoja toka alfajiri hadi usiku na hatuna cha kuongea zaidi ya magunia. Kitabu hakijamfanya mtu kuwa profesa. Kimetupa jambo la kubishania ambalo si kosa la yeyote aliyekaa pale. Mkishazoea kubishana kuhusu mhusika wa kitabuni, siku magunia hayalingani na stakabadhi mnabishana bila kushikana mashati.

1. Anzeni msimu ukiisha. Kuanzia minada ya Oktoba hadi mwaka mpya, sahau kabisa.

2. Watu sita hadi kumi. Wakizidi wagawane, na idara zichanganyike. Wahasibu wakikaa peke yao wataongea mahesabu tu.

3. Kitabu kiwe cha Kiswahili, chembamba, na kiwe hadithi. Hapa nasisitiza: hadithi. Mabosi wanapenda vile vya "siri za mafanikio", na mpakiaji akikabidhiwa anajua hapo hapo kwamba anahubiriwa. Hadithi haimnyooshei mtu kidole. Sisi tulianza na *Kusadikika* cha Shaaban Robert, kilichotoka 1951. Ni nchi inayoelea angani. Karama anashtakiwa kwa kufundisha uanasheria, naye anajitetea kwa siku sita akisimulia habari za wajumbe sita waliotumwa pande zote, hadi mbinguni na ardhini, wakatafute yenye manufaa kwa nchi. Kila aliyerudi na mawazo mapya alitupwa gerezani. Mweke mfanyakazi yeyote mbele ya hadithi hiyo, utamsikia mwenyewe. Na kwa ndugu zetu wa bandarini: mwandishi huyo alikuwa karani wa forodha, 1926 hadi 1944. Mwenzenu huyo.

4. Kila mtu nakala yake, au wawili wawili kama mfuko haujakaa vizuri. Agizeni kwa wauza vitabu Dar, mzigo unakuja na basi. Msidurufu kitabu kizima, sheria ya hakimiliki ipo.

5. Kurasa ishirini kwa wiki. Kikao Jumatano, dakika arobaini na tano, ndani ya saa za kazi. Ijumaa watu wana swala. Bosi akitaka mkae baada ya saa za kazi, mwambieni basi na yeye achangie nauli ya bodaboda.

6. BOSI ANAONGEA MWISHO. Someni hii mara mbili, maana vikundi vingi hufia hapa, na chetu cha kwanza kilifia hapa hapa. Mkuu wa ghala akifungua mdomo kwanza na kusema "mimi naona Karama alikuwa mkorofi", kikao kimekwisha. Wote watakuwa "ndiyo mzee, kweli kabisa mzee", wanachungulia saa. Wiki ya pili wanakuja nusu, ya tatu wanakuja wanaotaka kupandishwa cheo. Kumwambia bosi "tafadhali nyamaza" haitoshi, atasahau. Tunafanya hivi: kabla ya neno lolote, kila mmoja anaandika sentensi moja kwenye karatasi, bila jina. Karatasi zinachanganywa kwenye kofia na kila mtu anasoma ya mwenzake. Halafu mazungumzo yanaanza kwa aliye chini kabisa kikazi: kibarua, mlinzi, anayefagia. Bosi wa mwisho, dakika tatu.

Tahadhari: (a) msijaribu kubahatisha mwandiko ni wa nani, hata kwa utani, (b) bosi asiye tayari kungoja zamu yake asiwemo, kikundi kitaenda bila yeye, (c) maneno ya kikao yasitajwe kwenye tathmini ya mtumishi. Likitajwa moja tu, hamtasikia neno la kweli tena.

7. Hakuna mtihani, hakuna kuandika mahudhurio. Asiyesoma anakuja kusikiliza.

8. Mkimaliza kitabu, pumzikeni mwezi. Nimemaliza. Maswali.

---

Mdau wa Masasi: Mkuu naomba PDF ya hicho kitabu.

Jibu: Hatua ya 4.

Mdau wa Masasi: Nimesoma, ila hata ya kwenye simu tu?

Jibu: Hatua ya 4, mkuu.

Mdau wa Newala: Hizi ni mbwembwe za watu wasio na kazi. Ghala linataka nguvu, halitaki riwaya.

Jibu: Sawa kaka. Ila ngoja nikupe moja. Kijana wetu wa unyevu alipima sampuli, kipimo kikatoa namba ambayo hakuna aliyetaka kuisikia, lori liko getini na dereva anapiga honi. Mkuu wa ghala akaanza kumpandishia: nani kakwambia upime tena? Dereva wetu mmoja mtu mzima, katulia zake kwenye benchi, akasema: "Mzee, huyu ni mjumbe karudi. Tusimfunge." Watu wakacheka, mkuu naye akacheka, sampuli ikapimwa upya mbele ya wote. Bila kile kitabu, dereva angepata wapi njia ya kumwambia bosi amekosea bila kumvunjia heshima? Nguvu tunazo, mkuu. Tulikosa njia ya kusemeshana.

Mdau wa Mikindani: Shikamoo kaka. Nina swali, usinicheke. Kwetu wawili hawasomi vizuri, mmoja ni mama wa usafi na anapenda sana hadithi. Nitamwekaje bila kumuaibisha?

Jibu: Marahaba dada, hilo ndilo swali nililokuwa nalingoja. Kwanza, kwenye kikao msisome kwa sauti kwa zamu. Hiyo ndiyo inayowaaibisha watu. Pili, tafuta msomaji mmoja mwenye sauti nzuri, asome zile kurasa ishirini siku moja kabla, wakati wa chai, kwa yeyote anayetaka. Sisi tunaye karani wa mizani, siku hizi hata wanaojua kusoma wanakuja kumsikiliza. Tatu, ile sentensi ya karatasi: amnong'oneze mtu anayemwamini amwandikie. Mama kama huyo kakua na ngano za bibi kando ya moto, atawaonyesha njia za hadithi ambazo nyie wenye vyeti hamzioni. Mpe zamu ya kwanza.

Mdau wa Kilwa: Sisi tungependa tamthilia. Inafaa?

Jibu: Inafaa sana, maana mnagawana wahusika na hata asiyependa kusoma anataka kuigiza. Kwa watu wa Kilwa jibu ni moja: *Kinjekitile* ya Ebrahim Hussein, 1969. Vita vya Majimaji, 1905 hadi 1907, vilianzia huko huko kwenu Nandete. Kinjekitile mwenyewe, yule mganga aliyewaahidi watu kuwa maji yake yatawakinga na risasi, Wajerumani walimnyonga mapema kabisa, Agosti 1905. Swali la kuanzia kikao: kiongozi akianza kutilia shaka ahadi aliyowapa watu, na watu wameshaiamini kuliko yeye, afanye nini? Kisha kaeni mbali, mtasikia makelele. Usimpe mkuu wa idara nafasi ya Kinjekitile. Mpe ya mwanakijiji.

Mdau wa Kilwa: Hahaha, umesomeka. Asante sana mkuu.

Mdau wa Nachingwea: Samahani natoka nje ya mada. Vitabu vyetu vya ofisini mchwa wamevimaliza.

Jibu: Msiviweke chini wala kabati lisigusane na ukuta. Sisi tunaweka kwenye ndoo ya plastiki yenye mfuniko, majalada tumeyafunika kwa karatasi za kalenda za zamani. Kila mwezi mara moja vinatolewa kupunga hewa kivulini. Juani vinapinda.

Mdau wa Mikindani: Na vitafunwa? Bajeti ni ndogo.

Jibu: Ming'oko (vile viazi vya porini) ya kuchemsha ikiwepo, chai ya rangi. Korosho usiweke mezani, dada, watu wataanza kujadili daraja lake na kitabu hamtakigusa.

Mdau wa Masasi: Mkuu, bado nangoja ile PDF.