Somo: Kuanza kutumia simujanja yenye vitufe (BlackBerry KEY2), hasa namba na menyu za pesa

Tangu nianze kuonekana na simu hii hapa Uyole, Mbeya, haipiti wiki bila mtu kuniuliza maswali yale yale: namba ziko wapi, nyota inabonyezwaje, Kiswahili kinaandikika au hakiandikiki. Nimeamua kuyajibu yote mahali pamoja, na atakayeniuliza tena nitamwelekeza hapa. Simu ninayoizungumzia ilitolewa mwaka 2018 ikiwa na Android 8.1. Watu wakisikia "simu ya batani" hufikiria kitochi, lakini hii ni simujanja kamili yenye kioo cha inchi 4.5, na chini ya kioo hicho kuna vitufe halisi vya herufi. Mimi ni katibu wa kikundi cha kuweka na kukopa, na mihtasari ninayoiandika ni mirefu. Asubuhi za Julai huku kwetu, vidole vinapokufa ganzi kwa baridi, kitufe kinachosikika chini ya kidole hunikosesha herufi chache kuliko kioo.

Hatua ya 1. Kabla ya kutoa fedha, piga *#06#, chukua tarakimu 15 za IMEI (namba ya utambulisho wa simu), zitume kwa ujumbe mfupi kwenda 15090, kisha uone kama jibu linalingana na simu uliyoishika.

Hatua ya 2. Weka laini na uunganishe intaneti.

Hatua ya 3. Sajili alama ya kidole. Kisomaji chake kimo ndani ya kitufe kirefu cha nafasi.

Hatua ya 4. Ingia kwenye mipangilio ya kibodi uzime masahihisho ya moja kwa moja, la sivyo maneno yako ya Kiswahili yatageuzwa kuwa Kiingereza kabla hujayatazama. Fahamu pia kwamba vitufe hivi huhisi mguso: ukitelezesha kidole juu yake kwenda kushoto unafuta neno zima, na ukitelezesha kwenda juu unaingiza neno lililopendekezwa. Wengi wanaolalamika kwamba simu "inajifutia yenyewe" wanatelezesha vidole bila kujua.

Hatua ya 5. Namba. Hapa naomba msome polepole, kwa sababu hapa ndipo nilipopoteza fedha. Namba hazina mstari wake. Zimo ndani ya herufi, na hupatikana kwa kubonyeza kwanza kitufe cha Alt. Herufi W, E, R ni 1, 2, 3. Herufi S, D, F ni 4, 5, 6. Herufi Z, X, C ni 7, 8, 9. Sifuri ina kitufe chake karibu na kitufe cha nafasi. Nyota iko kwenye A, na alama ya # iko kwenye Q. Kwa hiyo *106#, ile ya kuhakiki laini zilizosajiliwa kwa kitambulisho chako, ni A, W, 0, F, Q. Angalieni kwamba mistari miwili ya juu huanzia herufi ya pili, lakini mstari wa chini huanzia herufi ya kwanza kabisa. Mwezi wa kwanza wa kuitumia, nikiwa nimesimama sokoni Mwanjelwa mvua ikinyesha, nilimtumia mweka hazina wetu shilingi 85,000, na badala ya 6, yaani F, nikabonyeza C iliyo chini yake moja kwa moja, ambayo ni 9. Jina la mpokeaji lilitokea, nami nikaweka namba ya siri bila kulisoma. Fedha za kikundi zilienda kwa mtu nisiyemjua, zikarejeshwa baada ya siku kadhaa za kupiga simu na kueleza, na siku hizo sikulala vizuri.

Kwa hiyo, bonyezeni Alt mara mbili ili ijifunge, ndipo muandike tarakimu zote. Mkiibonyeza mara moja, ni tarakimu ya kwanza tu itakayotoka na zinazofuata zitakuwa herufi. Someni jina la mpokeaji kila mara. Mkitumia programu inayoficha namba ya siri kwa vitone, thibitisheni kwanza kwamba Alt imefungwa, kwa maana hamtaona kama mmeingiza herufi, na mkikosea mara tatu akaunti inaweza kufungwa. Fanyeni mazoezi ya *106# kwa siku mbili au tatu kabla ya kugusa menyu yoyote ya pesa.

Hatua ya 6. Ukiwa kwenye skrini ya mwanzo, kila herufi inaweza kupewa njia mbili za mkato, ya kubonyeza na ya kushikilia, jumla 52. Mimi nimeweka M kufungua ujumbe na K kufungua kamera.

MASWALI

Kijana wa Mwanjelwa: Mkuu, nimebonyeza Alt, namba moja inatoka halafu zinakuja herufi. Simu mbovu?

Jibu: Si mbovu. Soma hatua ya 5.

Kijana wa Mwanjelwa: Nimesoma ila ni ndefu. Je, BlackBerry Bold ya zamani haifai? Nimeoneshwa moja kwa bei ndogo sana.

Jibu: Haifai. Huduma za mifumo ya zamani ya BlackBerry zilizimwa tarehe 4 Januari 2022, na tangu hapo hata kupiga simu na kutuma ujumbe kwenye simu hizo si kwa kutegemea. KEY2 inatumia Android, ndiyo maana haikuguswa. Kuhusu urefu wa hatua ya 5, nimeeleza fedha zilivyopotea. Sioni la kupunguza.

Mwalimu wa Mafinga: Kamwene, kaka. Nafundisha Kiswahili na ninaandika maswali ya mitihani kwenye simu. Ng' inapatikana kwa urahisi? Wanafunzi wangu huidondosha ile alama kila wakati, nami sitaki kuwa mfano mbaya kwao.

Jibu: Kamwene, mwalimu. Alama hiyo ni Alt na K, na kidole hukizoea ndani ya siku chache. Una haki ya kuijali, kwa sababu "ng'oa" ni kutoa kitu na mizizi yake, na "ngoa" ni wivu. Nimegundua jambo jingine litakalokupendeza: kwa kuwa Kiswahili sanifu hakina Q wala X, kwetu sisi vitufe hivyo viwili vimebaki kuwa # na 8 tu, kwa hiyo vidole huvikariri haraka kuliko vingine. Ukitaka herufi kubwa unapoandika, shikilia kitufe cha herufi hiyo kwa muda mfupi. Nukta ni Alt na M, mkato ni Alt na N, alama ya kuuliza ni Alt na V. Andika swali moja la mtihani kila siku kwa wiki nzima bila kutazama vitufe, halafu uniambie umefikia wapi.

Mdau wa Makambako: Programu ya benki yangu inakataa kufunguka. Simu hizi ni za kitapeli?

Jibu: Si za kitapeli. Nimeandika tangu mwanzo kwamba ni Android 8.1, na haikupandishwa rasmi zaidi ya hapo. Programu inayodai toleo jipya zaidi haitakubali. Mimi mambo ya benki nayafanya kwenye simu nyingine. Ukitaka vitufe pamoja na mfumo mpya, tafuta Unihertz Titan 2 ya mwaka 2025, inayokuja na Android 15. Lakini mpangilio wa vitufe nilioueleza hapa ni wa KEY2, usiuhamishie huko.

Mama wa Tukuyu: Ndaga fijo mwanangu kwa maelezo. Vumbi je? Kiangazi, tukipita njia ya shambani, kila kitu kinakuwa chekundu.

Jibu: Shikamoo mama. Swali hilo nilipaswa kuliweka kwenye somo lenyewe. Ninazima simu, naigeuza vitufe vitazame chini, kisha nasugua taratibu kwa mswaki mpya mlaini na mkavu, kwa kufuata mistari. Usipulize kwa mdomo, maana unyevu wa pumzi hugandisha vumbi kwenye nafasi za vitufe. Ukiwa shambani itie kwenye mfuko wa kitambaa wenye kamba ya kufunga. Wangu nilishonewa na fundi nguo wa hapa Uyole kwa kipande cha kitenge.

Mwalimu wa Mafinga: Huo mfuko una vipimo gani? Nataka nimpelekee fundi wangu leo.

Jibu: Upana sentimita 10, urefu sentimita 19, na mwambie aweke kitambaa mara mbili upande wa kioo.