Kutunza oringi za kasha la kamera ya majini ukiwa Dodoma

Ukifungua kitabu kinachokuja na kasha la kamera ya majini, onyo la kwanza utakalokutana nalo ni la chumvi. Ni onyo zuri kwa mtu wa Mafia au Nungwi. Sisi tunaofanyia kazi Dodoma adui yetu wa karibu ni vumbi. Kuanzia Julai mpaka mvua zianze, upepo wa hapa unapenya hata kwenye kabati lililofungwa. Kamera zetu nazo haziishi baharini: leo inashushwa kwenye bwawa la Mtera kupiga picha za perege, kesho la Hombolo, keshokutwa imo ndani ya tanki kwa sababu mwenye nyumba anataka kujua kitu gani kimeziba bomba. Mara nyingi kasha likivuja, kosa halikufanyika majini. Lilifanyika mezani, saa moja au mbili kabla.

Oringi ni ule mpira wa duara unaokaa kwenye mfereji wa mlango wa kasha. Ukifunga komeo, mpira unabanwa kati ya kuta mbili. Ukishuka majini, maji yenyewe yanausukuma ujibane zaidi, maana kila mita 10 za kina huongeza takriban presha sawa na ile ya hewa ya usawa wa bahari. Kwa hiyo mita ya kwanza ndiyo ya kuogopa, kwa sababu pale maji hayajausukuma mpira vya kutosha, na unywele mmoja uliolala juu yake unatosha kuwa njia ya maji.

Hatua ya 1: Andaa chumba kabla ya kugusa kasha

Fanya asubuhi, upepo haujaamka. Funga madirisha, zima feni, futa meza kwa kitambaa chenye unyevu, kisha subiri vumbi ulilotibua litue. Nawa mikono kwa sabuni mpaka kwenye viwiko na uiache ikauke yenyewe; taulo huacha nyuzi. Sweta la sufi livue.

Usiwe umejipaka losheni, wala dawa ya kufukuza mbu. Hili la pili watu wa Mtera hulisahau, kwa sababu jioni mbu wa pale hawana huruma. Dawa nyingi za kujipaka zina DEET, ambayo inaharibu baadhi ya plastiki. Kama ni lazima ujipake, funga kasha kwanza, halafu jipake, halafu nawa viganja kabla ya kulishika tena.

Hatua ya 2: Toa oringi bila chuma

Kama kasha limetoka majini, likaushe vizuri kwa nje na ufungue mlango ukiwa umeinamishwa chini, ili matone yaliyobaki kwenye ukingo yadondoke nje badala ya kuingia kwenye kamera.

Bana oringi kwa vidole viwili kutoka pande mbili na uisukume kuelekea katikati. Itainuka na kufanya kitanzi, ushike hapo. Ikigoma, tumia kona ya kadi ya benki iliyokwisha muda. Sindano, kisu na bisibisi visikaribie. Mkwaruzo kwenye oringi unatibika kwa kununua nyingine, ila mkwaruzo kwenye mfereji ni wa kudumu, na hapo umeharibu kasha zima.

Hatua ya 3: Ikague kwa vidole, kisha kwa macho

Ipitishe taratibu katikati ya kidole gumba na cha shahada, mzunguko mzima. Vidole vinahisi chembe ya mchanga ambayo jicho halioni. Usiivute, ikishatanuka haitakaa tena kwenye mfereji wake.

Kisha iangalie kwenye mwanga. Ukikata oringi nzima, umbo lake huwa mviringo. Iliyochoka inakuwa bapa upande mmoja, kwa sababu imebanwa muda mrefu mpaka imesahau kurudi. Ukiona ubapa, nyufa ndogo ndogo au mahali palipokatika hata kidogo, badilisha. Hakuna grisi inayofufua mpira uliokufa.

Yenye vumbi tu ifute kwa kitambaa kisichotoa nyuzi, kile cha kufutia miwani. Yenye tope ioshe kwa maji safi na tone la sabuni laini, suuza, iache ikauke. Spiriti, petroli na tina usitumie.

Hatua ya 4: Mfereji, na ukuta wa pili

Hapa ndipo pa kutumia muda. Watu wengi wanang'arisha oringi halafu wanairudisha kwenye mfereji uliojaa udongo mwekundu. Chukua pamba ya masikio, ilowanishe kidogo kwa maji safi, zungusha mfereji wote, hasa kwenye kona. Badilisha pamba mpaka itoke nyeupe. Pamba nayo inaacha nyuzi, kwa hiyo malizia kwa ncha ya kitambaa kile kile cha miwani kilichozungushiwa kijiti cha plastiki.

Kisha geukia upande wa pili, yaani ukingo ambao oringi hukutana nao mlango ukifungwa. Oringi inaziba kwa kugusa kuta mbili, na huu wa pili husahaulika kwa kuwa hauna mfereji wa kukumbusha. Ufute, halafu washa tochi ya simu na uilaze pembeni, mwanga upite sambamba na uso wa plastiki. Ukimulika kutoka juu utaona pasafi. Ukimulika kwa ubavu utaona nywele, chembe na mikwaruzo yote.

Hatua ya 5: Grisi kidogo

"Kaka, si upake nyingi tu, ikizidi si ndiyo itaziba vizuri?" Vijana wananiuliza hivyo kila mara. Haizibi. Anayeziba ni mpira. Kazi ya grisi ni kuulainisha ili uteleze na kukaa mahali pake bila kujikunja, na kuzuia usikauke. Ikizidi inakusanya vumbi, na kwa hali ya Dodoma ni sawa na kutega.

Kwa oringi ya mlango mkubwa, punje moja ya mtama inatosha. Kwa ndogo ya mlango wa betri, punje ya uwele. Isambaze kwa vidole mpaka mpira mzima ung'ae bila kuacha bonge popote. Mfereji usipake.

Aina ya grisi ina maana kuliko wingi wake. Tumia iliyotajwa na mtengenezaji wa kasha lako. Oringi nyingi nyeusi ni za mpira wa naitraili na zinakubaliana na grisi ya silikoni, lakini oringi ambayo yenyewe imetengenezwa kwa silikoni inaweza kuvimba ukiipaka grisi ya silikoni isiyo yake. Mafuta ya mgando ya kujipaka na grisi ya gari viache huko huko viliko. Na kuna makasha madogo ambayo kitabu chake kinasema yasipakwe kitu kabisa; kitii.

Hatua ya 6: Rudisha na ufunge

Ilaze oringi juu ya mfereji, bonyeza sehemu nne zinazotazamana, halafu jaza katikati. Ukianza upande mmoja na kuzunguka, mwishoni utabaki na ziada inayofanya uvimbe. Angalia ule mstari mwembamba wa kiwandani unaozunguka mpira. Ukiona unapanda na kushuka, oringi imejisokota.

Weka kamera, kifuko cha silika cha kunyonya unyevu, na kabla ya kubana komeo angalia kamba ya kamera iko wapi. Kamba iliyobanwa mlangoni imeua kamera nyingi kuliko oringi mbovu. Kama mlango unaonyesha ndani, utaona mpira umetengeneza mstari mmoja mweusi usiokatika. Ukikatika mahali, fungua, anza upya.

Kiangazi chetu kina faida moja ambayo watu wa pwani hawana: hewa kavu. Ukifunga kamera ndani ya hewa ya Dodoma ya Agosti, kioo hakipati ukungu kirahisi ukifika majini.

Hatua ya 7: Mwinuko

Mji wa Dodoma uko zaidi ya mita 1,100 juu ya usawa wa bahari, na hewa yake ina presha ya takriban asilimia 88 ya ile ya pwani. Ukifunga kasha hapa na kupanda treni kwenda Dar es Salaam, unasafiri na hewa nyepesi ndani. Kwenye mlango wa sentimita 20 kwa 15, hewa ya Dar itakuwa inaukandamiza kwa nguvu inayokaribia uzito wa kilo 37. Haitavujisha, inabana zaidi, ila usishangae mlango ukikataa kufunguka, na usiuchokonoe kwa bisibisi. Fungua kizibo cha hewa kama kipo, au anza kuulegeza taratibu kwenye kona moja kwa kadi.

Safari ya kurudi ndiyo mbaya. Kasha lililofungwa pwani likifika huku lina presha kubwa ndani, inayosukuma oringi kuelekea nje, kinyume na ilivyoundwa kufanya kazi. Vivyo hivyo kwenye ndege, na vivyo hivyo kasha lililoachwa juani kwenye dashibodi. Safiri likiwa halijabanwa, oringi ikiwa imetolewa na kuwekwa kwenye mfuko wake.

Mwenye pampu ya kunyonya hewa ndani ya kasha ili kupima kama linavuja akumbuke kwamba kipimo kinachosoma presha kamili kitaanzia chini hapa kuliko Dar. Unachofuatilia ni kama mshale unatulia kwa nusu saa, katika chumba ambacho joto halibadiliki.

Hatua ya 8: Jaribu bila kamera

Weka tishu kavu ndani ya kasha na jiwe safi la kulizamisha, funga, litumbukize kwenye ndoo. Viputo vilivyonata nje hufutika kwa kidole. Mnyororo wa viputo kutoka sehemu ile ile ni uvujaji. Bonyeza kila kitufe ukiwa ndani ya maji, acha nusu saa, kisha kagua tishu.

Ndoo haithibitishi kina. Kwa hilo, pale Mtera ninalishusha kasha tupu kwa kamba nikiwa kwenye mtumbwi, kabla ya kuweka kamera. Wewe mwenyewe baki juu. Bwawa lile lina mamba na viboko, na kamera inafanya kazi vizuri tu ikiwa kwenye mti mrefu. Na kisima cha watu cha maji ya kunywa si mahali pa kujaribia kasha lililopakwa grisi.

Baada ya kazi

Loweka kasha likiwa limefungwa kwenye maji safi, ukibonyeza vitufe vyote. Tope laini la mabwawa yetu hujificha kwenye vijiti vya vitufe, ambavyo vina oringi zao ndogo usizoziona; hizo ni kazi ya fundi anayejua makasha, si za kufungua nyumbani. Maji ya visima vya huku ni magumu na yakikaukia juu ya plastiki yanaacha madoa meupe, kwa hiyo suuza ya mwisho ifanye kwa maji ya mvua au ya chupa, kisha kausha kivulini.

Hifadhi oringi ikiwa nje ya mfereji, kwenye mfuko mdogo, gizani. Nunua ya akiba kabla hujaihitaji, na badilisha ya mlango mara moja kwa mwaka hata kama inaonekana nzima. Kwenye maduka ya spea za magari utapata boksi zima la oringi zinazofanana na yako. Mzunguko unaweza kulingana kabisa huku unene ukipishana kwa sehemu ndogo ya milimita, na hapo mlango ama hautafunga, au utafunga bila kubana. Agiza ya mtengenezaji, kwa namba ya modeli ya kasha.