Kupima na kupunguza urefu wa maganda ya raifo

Mimi ni fundi kerezo, karakana yangu iko Katwe, Kampala. Miaka mitatu niliyofanya kazi Afrika Kusini nilishika maganda ya risasi kuliko nilivyoshika shafti, maana kule wawindaji wengi hujijazia risasi wenyewe: ganda lililokwisha pigwa hulitia baruti na kichwa kipya, likatumika tena. Vijana wangu hapa wakiona kalipa niliyorudi nayo, kile kipimo cha taya mbili, huniuliza ilikuwa inapima nini.

Neno moja kwanza. Uganda tuna Sheria ya Silaha ya 1970, na kibali cha kumiliki bunduki si kibali cha kutengeneza risasi. Huna ruhusa? Basi soma kwa ajili ya ufundi wa kupima; utakufaa hata kwenye bushi za kinu cha posho.

Risasi ikilia, ganda huvimba likashika kuta za chemba, yaani tundu la bunduki linamokaa risasi. Ukilibana tena kwenye kalibu ili lirudi umbo lake, shaba inasukumwa mbele na shingo, ile sehemu nyembamba inayoshika kichwa cha risasi, inarefuka. Ganda refu mno linagota mwisho wa chemba, mdomo unabanwa na kukiminya kichwa cha risasi. Kichwa kikichelewa kuachia, presha inapanda, na mwenye bunduki ameiegemeza shavuni.

Hatua ya 1: safisha, kagua. Futa masizi, kisha tazama sehemu ya chini, juu kidogo ya kitako. Ukiona mstari unaong'aa umezunguka ganda, litilie shaka. Mimi natumia spoki ya baiskeli: nainoa ncha, naikunja kidogo kama ndoano, naiburuta ndani kutoka kitako kwenda juu. Ncha ikikwama kwenye kijifereji, ukuta umeshaliwa na ganda linakaribia kukatika vipande viwili. Halina dawa.

Hatua ya 2: libane kwenye kalibu kabla ya kupima. Hapa ndipo nilipoaibika. Wiki yangu ya pili nilipunguza maganda hamsini ya .30-06 (namba ya aina ya risasi), yote yakalingana, nikajisifu. Ndipo nikayabana. Yakarefuka tena, na mwenyewe akanirudishia boksi zima bila kusema neno. Tangu siku hiyo napaka mafuta, nabana, nang'oa fataki iliyokwisha (kile kidude cha kitakoni kinachowasha baruti), nafuta mafuta, ndipo nashika kalipa. Mafuta yawe kidogo. Yakizidi hutengeneza kishimo begani, pale ganda linapoanza kupungua kuelekea shingoni. Wala usilisukume bega nyuma kupita kiasi: karibu milimita 0.05 inatosha kwa raifo nyingi za boliti, zile zinazokokwa kwa mkono. Ukizidisha, kila risasi itakayopigwa itavuta shaba zaidi, na kazi ya kukata haitakwisha.

Hatua ya 3: pima. Funga kalipa, hakikisha inasoma sifuri. Futa taya kwa kidole, kwani chembe moja ya shaba inatosha kukudanganya. Kitako kikae bapa kwenye taya moja, mdomo uguse nyingine, halafu zungusha ganda polepole. Kama namba inabadilika unapozungusha, ama umelishika upande ama mdomo haukukatwa sawa. Usibane kwa nguvu. Kijana wangu mmoja huminya kalipa kama anakamua chungwa, na kila kipimo chake hutoka kifupi.

Hatua ya 4: linganisha. Namba mbili ndizo za kushika: kikomo, yaani urefu ambao ganda lisiuzidi, na urefu wa kukatia, ambao kwa kawaida ni milimita 0.25 chini yake. .223 Remington kikomo ni milimita 44.70, unakata hadi 44.45. .308 Winchester ni 51.18, unakata hadi 50.93. .30-06 ni 63.35, unakata hadi 63.09. Ile .375 H&H ya wanyama wakubwa ni 72.39 na 72.14. Lililo chini ya kikomo si lazima uliguse, ila kama vichwa vitabanwa kwa mdomo wa ganda, kata yote yalingane. Lililo refu litabanwa zaidi ya mwenzake.

Hatua ya 5: kata. Kikatio cha mkono kinafanana na kerezo dogo: kitako kinashikwa nyuma, pini inaingia shingoni kuongoza kisu. Kata ganda moja, lipime, rekebisha, kata la pili. Mpaka mawili yafuatane bila tofauti, usianze boksi. Mkono uzunguke kwa mwendo mmoja, bila kukandamiza.

Hatua ya 6: lainisha mdomo. Kisu huacha ncha kali ndani na nje. Zungusha kifaa cha kulainishia mara mbili tatu tu kila upande. Ndani, ncha hizo hukwangua kichwa cha risasi kinapoingizwa. Nje, hukwaruza chemba. Lakini usinoe mdomo ukawa kama kisu, utapasuka mapema. Piga brashi shingoni, gonga ganda mezani chembe zitoke, pima tena machache.

Juu ya boksi naandika mara ngapi maganda yale yamekatwa. Shaba ninayoiona ikidondoka mdomoni imetoka huko nyuma, karibu na kitako, ambako ukuta unazidi kuwa mwembamba. Kwa hiyo boksi likifika alama ya nne, naanza na spoki kabla ya kalipa, na ganda lililokataliwa naliminya mdomo kwa koleo papo hapo, lisije likarudi kundini.