Mtoto anayejifunza kupika aanze na maharage, ugali uje mwisho

Wazazi wenzangu wa Mbeya, wengi wetu humkabidhi mtoto mwiko wa ugali kwanza. Mimi nafundisha watoto wa mtaani kwetu, wa kike na wa kiume, na ugali nauweka mwisho: uji wake huruka, sufuria huyumba, mikono yao bado haina nguvu. Maharage yanamsubiri mtoto.

Hatua ya 1. Ijumaa jioni mpe ungo achambue, aoshe, aloweke hadi asubuhi. Kuloweka kunaokoa mkaa, na mkaa ndio unaomaliza hela. Huku kwetu, mita 1,700 hivi juu ya usawa wa bahari, maji huchemka kwenye nyuzi 94 hivi, siyo 100. Ndiyo maana maharage yanachelewa kuiva kuliko Dar es Salaam. Mweleze, watoto wanapenda kujua sababu.

Hatua ya 2. Kuwasha jiko ni kazi yako. Likae nje, au barazani penye hewa, mbali na wadogo. Najua baridi ya Juni na Julai inavyouma, lakini jiko la mkaa usiliingize ndani. Linatoa hewa ya sumu isiyo na rangi wala harufu, nayo huua watu waliolala milango imefungwa. Mtoto naye aambiwe hivyohivyo, bila kufichwa.

Hatua ya 3. Akunje mikono ya sweta, afunge vizuri khanga. Vitambaa vya kushikia sufuria viwe vikavu, kwa sababu kilicholowa hupitisha joto upesi. Kuepua sufuria iliyojaa umwachie mkubwa. Akiungua, mwagia palepale maji safi ya baridi kwa dakika 20. Dawa ya meno, mafuta na unga visiguse kidonda, na jeraha kubwa lipelekwe zahanati.

Hatua ya 4. Amwage maji ya kulowekea, abandike kwa maji mapya. Yachemke kwa nguvu kwanza, kisha afunike, apunguze moto. Maji yakipungua, aongeze ya moto. Atoe punje moja, ipoe, aibonyeze: ikipondeka hadi katikati, yameiva. Asiyaepue mapema, maana maharage mabichi, hasa mekundu, yana sumu inayotapisha.

Hatua ya 5. Sasa kitunguu, nyanya na chumvi. Nyanya zikitangulia, uchachu wake huchelewesha maharage kulainika. Chumvi aonje na kuamua mwenyewe, wewe usimsahihishe haraka.

Akishayazoea, mpe ugali wa sufuria ndogo, na wewe uishike sufuria anaposonga.