Fumbo la chenji kwa anayejifunza kuandika programu

Anayejifunza kuandika programu, awe mwanafunzi wa Maseno au fundi wa simu mjini Kisumu, atafaidika zaidi akitatua fumbo moja dogo kwa ukamilifu kuliko akitazama video nyingi za mafunzo bila kuandika chochote. Chukua kazi ya kondakta wa matatu ya Kisumu kwenda Kakamega: anatakiwa kurudisha chenji kwa sarafu chache iwezekanavyo, naye ana sarafu za shilingi 1, 5, 10 na 20. Programu inayotoa kwanza sarafu kubwa kabisa isiyozidi kiasi kinachodaiwa, kisha kurudia hivyo kwa kiasi kinachobaki, hujibu sawasawa kila mara, na wengi huishia hapo wakiwa wameridhika. Sasa ongeza sarafu ya kubuni ya shilingi 25, kisha uiombe programu hiyo chenji ya shilingi 40: itatoa 25, 10 na 5, yaani sarafu tatu, ilhali mbili za 20 zingetosha. Hapo utalazimika kukokotoa idadi ndogo kabisa ya sarafu kwa kila kiasi kuanzia shilingi 1 hadi 40, ukihifadhi kila jibu ili likusaidie kupata yale yanayofuata. Fanya hesabu hiyo kwanza kwa kalamu na karatasi (umeme ukipotea, kazi haisimami), ndipo uiandike kwa Python au lugha nyingine uliyoizoea. Baada ya wiki moja, iandike upya bila kutazama ile ya awali.