Namna ya Kujichagulia Mtambo wa Kutafuta kwenye Simu Yako

Ukinunua simu ya Android katika maduka ya katikati ya jiji la Mwanza, iwe Tecno, Infinix au Samsung, mara nyingi utakuta kisanduku cha Google, mtambo wa kutafuta habari mtandaoni, kimekaa tayari kwenye skrini ya kwanza, nawe utaanza kukitumia bila kujiuliza kimefikaje pale. Kimefika kwa mikataba. Mwaka 2018 Tume ya Ulaya, chombo cha utendaji cha Umoja wa Ulaya, iliitoza Google faini ya yuro bilioni 4.34, ambayo mahakama iliipunguza kidogo mwaka 2022, baada ya kubaini kwamba watengenezaji wa simu waliotaka kuweka Play, duka la programu la Google, walitakiwa kuweka pia programu ya kutafutia ya Google na kivinjari cha Chrome, yaani programu ya kufungulia tovuti. Kwa upande wa iPhone, kesi iliyosikilizwa Marekani ilifichua kwamba Google iliilipa Apple takriban dola bilioni 20 mwaka 2022 ili iwe chaguo la kwanza ndani ya Safari, kivinjari cha iPhone, na Agosti 2024 Jaji Amit Mehta aliamua kwamba Google ilikuwa imelinda ukiritimba wake kinyume cha sheria. Fedha zote hizo hulipwa kwa kuwa wengi wetu hatugusi tulichokikuta, na ndiyo maana nakusihi ukiguse.

Usianze kwa kubadilisha. Anza kwa kujaribu. Andika maswali matatu ambayo kweli huwa unayauliza. Mimi nilichagua "ratiba ya meli Mwanza Bukoba", "bei ya dagaa Mwaloni Kirumba" na "dalili za kichocho", kisha nikayaandika, neno kwa neno, katika mitambo mitatu ya kutafuta: google.com, bing.com na duckduckgo.com. Tazama mambo haya: majibu ya juu yako kwa Kiswahili au la, ukurasa una tarehe ya karibuni au ni ratiba ya miaka iliyopita, na ni viungo vingapi vya mwanzo ambavyo ni matangazo ya kulipiwa. Hilo la tarehe lina uzito mkubwa kwetu, kwa sababu msafiri anayetoka Sengerema akiamini ratiba iliyokwisha kufutwa hulala bandarini. Usishangae Bing na DuckDuckGo zikikuletea majibu yanayofanana, kwani sehemu kubwa ya viungo vya DuckDuckGo hutoka Bing. Tofauti kuu ya DuckDuckGo ni kwamba haihifadhi historia ya utafutaji wako.

Ukishaamua, fungua Chrome, gusa nukta tatu zilizo juu upande wa kulia, ingia Mipangilio, kisha sehemu ya mtambo wa kutafuta, na uguse jina unalolitaka. Ikiwa jina hilo halimo katika orodha, tembelea kwanza tovuti ya mtambo huo, tafuta jambo lolote hapo, halafu rudi. Kwa kawaida utalikuta chini, miongoni mwa tovuti ulizozitembelea karibuni. Kwenye iPhone, chaguo hilo liko ndani ya mipangilio ya Safari. Simu nyingi huja na vivinjari viwili, na ulichochagua katika kimoja hakihamii katika kingine.

Hapa ndipo wengi hukwama: kisanduku cha skrini ya kwanza ni cha programu ya Google yenyewe, kwa hiyo kitaendelea kuuliza Google hata baada ya kubadilisha Chrome. Kibonyeze kwa muda mrefu mpaka neno la kuondoa litokee, kisha kiondoe. Zipo simu chache ambazo haziruhusu jambo hilo, na humo itakubidi ujizoeze kukiruka. Kisha pakua programu ya mtambo uliouchagua, bonyeza sehemu tupu ya skrini, fungua wijeti, yaani orodha ya visanduku vinavyowekwa kwenye skrini, na uweke kisanduku chake palepale. Andika tena "bei ya dagaa Mwaloni Kirumba". Jina linalosomeka juu ya ukurasa unaofunguka litakuonyesha ni nani anayekujibu sasa.