Somo: Kuweka uthibitisho kabla ya kufuta rekodi kwenye mfumo wa wavuti

Wakuu, habari zenu. Leo tushughulikie kitufe cha Futa. Kwenye mifumo mingi ya PHP na MySQL kitufe hiki kinakaa ubavuni mwa Hariri, na kidole kikiteleza rekodi imekwenda. MySQL haina kapu la taka. Amri ya kufuta, DELETE, ikishapita, kwa kawaida unategemea nakala rudufu, kama ipo.

Naomba mlishike hili: kazi ya swali la uthibitisho ni kumwonyesha mtumiaji kitu gani hasa kinakaribia kupotea. "Una uhakika?" haifanyi kazi hiyo. Mtu aliyegusa mstari usio wenyewe ana uhakika kabisa kwamba anataka kufuta. Asichokijua ni kwamba aliyemgusa ni mteja mwingine.

Hatua ya 1: Ondoa kiungo, weka fomu

Kama unafuta kwa `<a href="futa.php?id=27">`, anza kwa kukiondoa. Kiungo hutuma ombi la GET, na kwa kanuni za HTTP ombi la GET ni la kusoma tu. Mwaka 2005 Google ilitoa Google Web Accelerator, programu iliyofungua viungo vya ukurasa mapema ili kuharakisha kuvinjari. Kwenye mifumo iliyofuta kwa viungo, data za watu zikaanza kupotea bila mtu kubofya chochote. Hata maswali ya JavaScript hayakuzuia, kwa sababu programu ile ilifuata anwani moja kwa moja. Kwa hiyo tumia POST:

```
<form method="post" action="futa.php" class="futa"
      data-jina="<?= htmlspecialchars($m['jina']) ?>">
  <input type="hidden" name="id" value="<?= (int)$m['id'] ?>">
  <input type="hidden" name="tokeni" value="<?= $_SESSION['tokeni'] ?>">
  <button>Futa</button>
</form>
```

Tokeni ni neno la siri linaloionyesha seva kwamba ombi limetoka kwenye fomu yako. Itengeneze mtumiaji anapoingia: `bin2hex(random_bytes(32))`.

Hatua ya 2: Uliza kwa kutaja jina

```
document.querySelectorAll('.futa').forEach(function (fomu) {
  fomu.addEventListener('submit', function (e) {
    if (!confirm('Unafuta mteja ' + fomu.dataset.jina +
        ' pamoja na ankara zake zote. Endelea?')) {
      e.preventDefault();
    }
  });
});
```

Kwa nini jina lipitie `data-jina`? Wengi huandika `onsubmit="return confirm('Futa ...?')"` na kuchomeka jina humo humo. Akija mteja anayeitwa Ng'ang'a, alama ya ng' inafunga nukuu katikati, msimbo unavunjika, swali halitokei, na fomu inakwenda kufuta kimyakimya. `htmlspecialchars` haikuokoi hapo, kwani kivinjari huirudisha alama ile kabla ya JavaScript kuisoma. Ukijaribu kwa majina ya Asha na Juma tu hutaliona kosa hili kamwe.

Hatua ya 3: Dirisha lako mwenyewe

`confirm()` inatosha kwa kuanzia, ila maneno ya vitufe vyake huwezi kuyabadilisha. Tena, mtumiaji akikiambia kivinjari kizuie madirisha zaidi ya ukurasa huo, `confirm()` hurudisha false papo hapo na kitufe chako kinaonekana kimekufa. Tangu 2022 vivinjari vyote vikubwa vinakubali `<dialog>`:

```
<dialog id="uliza">
  <p>Unafuta mteja <strong id="jina"></strong> na ankara zake zote.</p>
  <form method="dialog">
    <button value="hapana" autofocus>Usifute</button>
    <button value="futa">Futa mteja</button>
  </form>
</dialog>
```

Kwenye submit, zuia fomu kwanza, ihifadhi kwenye kigeu, weka jina kwa `textContent`, kisha ita `uliza.showModal()`. Dirisha likifungwa, angalia `uliza.returnValue`, ikiwa ni "futa", ita `submit()` ya fomu uliyohifadhi. Njia hiyo haiamshi tena tukio la submit, kwa hiyo hutazunguka. Futa `returnValue` kila unapofungua dirisha, maana Esc hulifunga bila kubadilisha jibu la zamani. Na `autofocus` ikae kwenye Usifute: anayegonga Enter kwa haraka asidhurike.

Hatua ya 4: Seva

Seva haioni kama swali lilijibiwa. Yenyewe ikague:

```
if ($_SERVER['REQUEST_METHOD'] !== 'POST' ||
    !hash_equals($_SESSION['tokeni'], $_POST['tokeni'] ?? '')) {
  http_response_code(403); exit;
}
$s = $pdo->prepare('DELETE FROM wateja WHERE id = ? AND mmiliki_id = ?');
$s->execute([$_POST['id'], $_SESSION['mtumiaji_id']]);
header('Location: wateja.php', true, 303); exit;
```

Hiyo `mmiliki_id` usiiache. Bila yake, yeyote aliyeingia anaweza kubadilisha namba ya id na kufuta mali ya mwenzake.

Maswali ya wanachama

*Mkuu, mtumiaji akizima JavaScript?*
Fomu itakwenda bila swali. Kwa rekodi nzito, fomu iende kwanza thibitisha.php, ukurasa unaoonyesha jina na idadi ya ankara, kisha fomu ya pili ndiyo ifute. Ni ubofyaji mmoja zaidi, lakini hautegemei chochote upande wa kivinjari.

*Nikifuta akaunti nzima, swali moja linatosha?*
Hapana. Mwombe aandike jina la akaunti kwa mkono, kama GitHub inavyofanya kwa hazina za msimbo. Ulinganishe upya kwenye seva.

*Asante kwa somo. Watumiaji wangu wanafuta vitu siku nzima, wanabonyeza OK bila hata kusoma. Nifanyeje?*
Ndugu, hapo acha kuuliza. Swali likirudi kila dakika mkono unalijibu wenyewe. Ongeza safu `ilifutwa DATETIME NULL`, na badala ya DELETE tumia `UPDATE wateja SET ilifutwa = NOW() WHERE id = ? AND mmiliki_id = ?`, kisha onyesha kitufe cha Rudisha. Mimi njia hii naipenda kuliko swali lolote, ila ina kazi yake: kila SELECT iwe na `WHERE ilifutwa IS NULL`.

*Nimefanya hivyo, sasa mteja niliyemfuta hawezi kujisajili tena kwa barua pepe ile ile.*
Ni sharti la UNIQUE (thamani isijirudie) kwenye safu ya barua pepe. Rekodi ya zamani bado ipo. Wakati wa kusajili, tafuta kwanza barua pepe hiyo hata kwa waliofutwa. Ukiikuta, na mwenyewe akishathibitisha kuwa ni yake, rudisha rekodi ile kwa kuweka `ilifutwa = NULL` badala ya kuingiza mpya.